Mfalme Alitaka Nini?

Wengi wetu tunafurahi tukimsikia mtoto akisoma bila kusitasita. Anashika kitabu, anamaliza ukurasa mzima, hakosi hata neno moja, na wazazi wanasema: mtoto wetu sasa amejua kusoma. Lakini tukimwuliza, "Mwandishi alitaka nini?" mara nyingi anarudia mstari wa kwanza, au anataja neno lililompendeza, au ananyamaza. Tusimcheke. Sisi wakubwa tunafanya vile vile. Barua ya ndugu aliye mbali inafika, tunaisoma mbele ya jamaa wote, tunazungumza juu ya salamu, tunazungumza juu ya ugonjwa wa shangazi, na baada ya mwezi mmoja tunagundua kwamba ndugu alikuwa anaomba karo ya mtoto wake. Wala hakuna aliyemjibu.

Jambo hili si dogo, na leo tunapenda kulipima kwa andiko moja. Tumechagua barua fupi, ambayo mtu anaweza kuisoma yote kabla maji ya chai hayajachemka. Ni barua ya kweli, nayo iliandikwa kwa uchungu.

Mwandishi wake ni Afonso wa Kwanza, ambaye jina lake la kikwao ni Mvemba a Nzinga, mfalme wa Kongo. Alitawala tangu mwanzo wa karne ya 16 mpaka miaka ya 1540. Mji wake mkuu ulikuwa Mbanza Kongo, ambao leo uko upande wa Angola, na tangu mwaka 2017 umeandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Baba yake, Nzinga a Nkuwu, alibatizwa mwaka 1491. Afonso mwenyewe alikuwa msomaji mkubwa: mwaka 1516 Padri Rui de Aguiar aliandika kwamba mfalme huyu alisoma mpaka usingizi ukamshika juu ya vitabu vyake. Mwanawe Henrique alisoma Ureno, na mwaka 1518 Papa Leo wa Kumi alimteua kuwa askofu wa Utica.

Barua tunayoisema ina tarehe ya 6 Julai 1526. Iliandikwa kwa Kireno, kwa mkono wa karani João Teixeira, nayo ilipelekwa kwa João wa Tatu, mfalme wa Ureno. Maneno yake yalichapishwa Ureno mwaka 1877 na Visconde de Paiva Manso, na baadaye tena na Padri António Brásio katika mkusanyo wake mkubwa wa maandiko ya misioni za Afrika. Mwaka 1974 Louis Jadin na Mireille Dicorato walizitoa barua za Afonso kwa Kifaransa huko Bruxelles. Leo sehemu ya barua hii inasomwa katika shule nyingi za dunia, na chini yake mara nyingi kuna ulizo: kusudi kubwa la mwandishi ni nini?

Barua inasema hivi, kwa maneno yetu wenyewe. Kwanza Afonso anamjulisha mfalme mwenzake kwamba ufalme wa Kongo unapotea kwa njia nyingi. Sababu ni uhuru mwingi mno ambao mawakala na maofisa wa mfalme wa Ureno wanawapa wafanyabiashara. Hao wanafungua maduka na kuleta vitu ambavyo Afonso alivikataza. Vitu hivyo vinaenea kila mahali, na wakubwa wa nchi waliomtii zamani hawamtii tena, kwa kuwa wana mali nyingi kumpita yeye. Halafu anataja ubaya wa pili, ulio mzito zaidi. Kila siku wafanyabiashara wanachukua wenyeji, wana wa nchi, watoto wa watu wa cheo, hata jamaa za mfalme. Wezi na watu wasio na dhamiri wanawakamata na kuwauza, ili wapate vitu vya kizungu wanavyovitamani. Nchi inabaki bila watu. Ili kuzuia hayo, asema, Kongo haihitaji kutoka Ureno ila mapadri na watu wachache wa kufundisha shuleni, pamoja na divai na unga kwa ajili ya Sakramenti takatifu. Kwa hiyo anamwomba mfalme wa Ureno awaamuru mawakala wake wasitume tena wafanyabiashara wala bidhaa, kwa maana ni mapenzi yake kwamba katika nchi zake pasiwe na biashara ya watumwa. Mwisho anaomba tena, kwani bila msaada huo hawezi kuuponya ubaya ulio wazi namna hiyo.

Tuliisoma barua hii pamoja na vijana wanne wa sekondari, Dominika moja baada ya Misa, maana walikuwa wanajitayarisha kwa mtihani. Tukawapa ulizo lile lile. Wa kwanza akajibu upesi: "Mfalme anaomba mapadri na waalimu." Wa pili, msichana mwenye sauti ndogo, akasema: "Anaeleza namna nchi inavyobaki bila watu." Wa tatu akasema: "Anawashtaki Wareno." Wa nne akasema kwa furaha: "Anataka utumwa ukomeshwe duniani." Karatasi ilikuwa moja, na kila mmoja alikuwa ameisoma kwa uangalifu.

Mzee katekista alikuwa ameketi karibu na mlango, akingoja ufunguo wa kanisa. Akauliza: "Wanangu, barua ikiisha kufika, yule aliyeipokea afanye nini?" Wote wakanyamaza. Halafu msichana akasema: "Awakataze watu wake wasije." Mzee akasema: "Basi, nendeni hapo."

Tumeyapima majibu manne kwa ulizo hilo la mzee, na tumeona kwamba kila moja lina sehemu ya ukweli. Ndiyo maana yanadanganya. Jibu lisilo na ukweli wowote halimpotoshi mtu.

Tuanze na jibu la kwanza. Ni kweli mapadri na waalimu wametajwa. Tena sisi wa parokia tunalipenda jibu hilo, kwa sababu linatuhusu. Lakini tazameni mahali walipotajwa. Afonso anawataja ili aonyeshe kikomo: hao tu, na divai na unga, basi, vingine vyote vikae kwenu. Mtu akisema, "Nyumbani kwangu sitaki kitu ila maji na chumvi," hajaja kuomba chumvi. Amekuja kukataa vitu vingine. Kijana wetu aliliona neno analolijua, akalishika, akaliacha lile neno dogo la "ila" lililokuwa mbele yake. Kosa hili la kushika neno tunalolipenda ni la wasomaji wengi, na tunalikuta hata katika mahubiri.

Jibu la pili ni zuri zaidi, kwani nchi kubaki bila watu ndilo jambo linalogusa moyo katika barua hii. Walakini hiyo ni sababu. Kuna tofauti kati ya jambo linalosemwa, sababu ya kulisema, na kusudi la kulisema. Jambo ni biashara ya Wareno katika Kongo. Sababu ni madhara yake: wakubwa wasiotii, watu wanaoibwa, nchi inayokwisha. Kusudi ni kile kinachoombwa kwa ajili ya sababu hizo. Mgonjwa akifika kwa mganga wa hospitali anaeleza maumivu kwa muda mrefu, pengine kwa robo saa. Dawa anaiomba kwa neno moja. Tukihesabu maneno, tutasema amekuja kueleza maumivu. Lakini hakutoka nyumbani kwake kwa ajili ya kueleza.

Jibu la tatu linakaribia, maana mashtaka yamo. Afonso hafichi. Anasema wazi kwamba ubaya unatoka kwa mawakala na maofisa wa Ureno. Lakini mtu anayetaka kushtaki tu anaandika namna nyingine. Afonso anamwita mfalme yule kwa heshima, anambusu mikono katika salamu za mwisho, anaomba mara mbili. Anaweka lawama juu ya watumishi, wala haiweki juu ya bwana wao, ili bwana apate njia ya kuwakemea watumishi bila kuona haya. Hiyo ni akili ya mtu aliyezoea baraza. Lugha ya barua, yaani kama ni ya ukali au ya kusihi, nayo ni alama ya kusudi. Msomaji asipoisikia sauti, hataona kusudi.

Jibu la nne tutalirudia, kwa maana ndilo gumu.

Kwanza tuseme tunaonaje kwamba ombi la amri ndilo kusudi kubwa. Alama ni tatu. Ya kwanza ni neno linalofunga hoja, "kwa hiyo". Maneno yote yaliyo mbele yake yanapanda kama watu wanaopanda mlima, na neno hilo ndilo kilele. Ya pili ni kurudia. Katika barua fupi namna hii, ambamo kila mstari una kazi, Afonso anaomba, halafu anaomba tena, na kutoa sababu ya kuomba tena. Hakuna kitu kingine alichokirudia hivyo. Ya tatu ni kujaribu kuondoa. Nyumba ina nguzo ya katikati na fito nyingi. Ukichomoa ufito mmoja, nyumba inasimama, ingawa upepo unapita. Ukichomoa nguzo, yote inaanguka. Ondoeni maneno ya mapadri na waalimu: barua inabaki. Ondoeni hata habari ya wakubwa wasiotii: barua inapungua nguvu, lakini inabaki. Ondoeni ombi la kuwakataza mawakala: imebaki habari tu, na mfalme wa Ureno angeweza kuikunja na kusema, "Pole."

Wasomaji wengine watatuuliza kama kusudi hukaa mwisho siku zote. Hapana. Mwinjili Luka, katika mlango wa 18, anatangaza kwanza kwamba mfano wa mjane na kadhi unafundisha kusali bila kuchoka, ndipo anauhadithia. Kila mwandishi ana njia yake. Afonso aliweka ombi mwisho kwa sababu alikuwa anamwomba mtu aliyepata faida katika jambo lile lile. Ombi zito halitupwi mlangoni. Linatengenezewa njia kwanza.

Sasa tuone namna mwenye kuipokea alivyoisoma. Katika jibu lake la mwaka 1529, João wa Tatu alitaja kwamba Afonso hataki biashara ya watumwa kwa kuwa nchi yake inabaki bila watu. Halafu akasema kwamba Wareno wa kule wanamweleza kinyume: Kongo ni kubwa, ina watu tele, kana kwamba hakuna mtumwa aliyewahi kutoka. Tena alionyesha kwamba si heshima kwa ufalme kukosa biashara.

Wasomaji wapenzi, tazameni alivyofanya. Alishika sababu na kubishana nayo. Je, watu wamepungua au hawakupungua? Hilo likawa shauri zima. Ombi lenyewe, yaani kwamba mwenye nchi hataki biashara hiyo katika nchi yake, likaachwa njiani. Hata kama watu wangalikuwa wengi kama mchanga, mtoto aliyeibwa alikuwa ameibwa, na mwenye nchi alikuwa amekataa. Hatuwezi kusema kwamba mfalme yule hakujua kusoma. Alisoma kama asomavyo mtu asiyetaka kuombwa. Kumbe kukosea kusudi si kosa la watoto wa shule peke yao. Pengine mtu hulikosea kwa makusudi, kwa sababu kulielewa kungemlazimisha kufanya kitu.

Turudi kwa kijana wa nne. Alisema Afonso alitaka utumwa ukomeshwe duniani. Tulipenda sana kumkubalia. Nani asingependa kuwa na mfalme wa namna hiyo kati ya wazee wetu? Lakini tukaitazama barua tena. Afonso anasema: katika nchi zetu. Hasemi duniani. Anasema biashara ya watumwa na kuwatoa nje. Hasemi kwamba mtumwa aliye nyumbani kwa bwana wake awekwe huru. Kijana aliongeza maneno mawili kutoka moyoni mwake, na maneno hayo mawili yakamgeuza mwandishi.

Maandiko mengine ya Afonso yanatuonya hivyo hivyo. Katika barua yake ya mwaka 1514 anataja watumwa aliowatuma yeye mwenyewe kununulia vitu. Na katika barua ya 18 Oktoba 1526, miezi mitatu tu baada ya ile ya Julai, hasemi tena kwamba biashara ifungwe kabisa. Anaeleza kwamba ameweka watu watatu wa kuchunguza kila anayenunuliwa, ili ijulikane kama ni mtumwa kweli au ni mtu huru aliyeibwa. Mwanahistoria Linda Heywood, katika makala yake ya mwaka 2009 juu ya utumwa katika Kongo, anaonyesha kwamba uchungu mkubwa wa Afonso ulikuwa juu ya watu huru wa Kongo waliotiwa utumwani kinyume cha sheria ya nchi.

Hapo wengine wanaruka upande wa pili. Wanasema: basi, mfalme huyu alijali ukubwa wake tu, maana hata katika barua ya Julai analia kwanza juu ya wakubwa wasiomtii. Sisi hatukubali. Hao nao wameshika ufito na kuuita nguzo. Barua inataja mambo mawili pamoja: amri ya mfalme inayovunjwa, na watoto wa watu wanaoibwa. Mwandishi aliyafunga pamoja kwa sababu kwake yalikuwa kamba moja. Mfalme asiyetiiwa hawezi kumlinda mtoto wa mtu, na nchi ambamo watoto wanaibwa haina mfalme. Anayekata kamba hiyo ili apate shujaa mtakatifu, na anayeikata ili apate mtu mwenye tamaa ya enzi, wote wawili hawasomi tena barua. Wanasoma mawazo yao.

Tena tunawalaumu kidogo wanaotengeneza vitabu. Wengine wananukuu barua hii kuanzia pale watu wanapokamatwa, na kuacha habari ya bidhaa na ya wakubwa wasiotii. Aliyekata andiko amekwisha kutuchagulia nusu ya jibu. Kama mwalimu anataka kumwuliza mtoto kusudi la mwandishi, ampe andiko lenye kichwa na miguu, hata kama ni refu kwa mistari sita zaidi. Na amwambie nani anaandika, kwa nani, na mwaka gani. Bila hayo, ulizo linakuwa kitendawili.

Kwa nini tumeandika haya yote juu ya barua ya karibu miaka 500? Sisi tulio mashariki tunakaa karibu na njia za Nyangwe na Kasongo. Kiswahili chetu chenyewe kilifika huku pamoja na misafara iliyobeba pembe za ndovu na kufunga watu. Tunajua kwamba katika nchi moja wako waliouza, wako waliouzwa, na wako waliojaribu kuzuia wakashindwa. Na pengine mtu mmoja alikuwa haya yote kwa nyakati mbalimbali. Wazee hao waliacha maandiko machache sana. Machache hayo tukiyasoma vibaya, tunawanyamazisha mara ya pili.

Na mambo ya leo ni hayo hayo. Mjane analeta karatasi mbele ya baraza la parokia. Anaeleza kifo cha mume, anaeleza wakwe, anaeleza shamba, na mwisho kwa mstari mmoja anaomba mtu wa kwenda naye kwa chefu. Baraza linazungumza saa nzima juu ya wakwe. Mwanamke anarudi nyumbani peke yake. Baraza lile linajua herufi zote, lakini limesoma kama João wa Tatu.

Kwa hiyo tunawashauri wasomaji wetu, wazazi na waalimu hasa, washike desturi ndogo. Andiko fupi likisomwa nyumbani au kalasini, lisomwe mara mbili. Mara ya kwanza tusikie tu. Mara ya pili tuulize ulizo la mzee katekista: aliyeandikiwa afanye nini, au aamini nini, au aache nini? Tukiisha kupata jibu, tuliweke kidole juu ya maneno yenyewe katika karatasi. Kama kidole hakipati mahali pa kukaa, jibu limetoka kwetu.

Vijana wale wanne walikwenda kwenye mtihani wao, na hatujui ulizo gani walilolikuta. Lakini Dominika iliyofuata msichana yule alikuja na barua ya baba yake anayefanya kazi mbali, machimboni. Alisema alikuwa ameisoma mara nyingi akidhani ni ya salamu. Safari hii alikuwa ameona mahali palipoandikwa "kwa hiyo". Akaomba kalamu na karatasi, akaketi karibu na mlango, akaanza kumjibu.